Arobaini ya Slebu ya Bi Mwanasiti

Kwa nini mtu ambaye hathubutu kumwacha mgeni akae barazani pake dakika tano bila kumletea gilasi ya maji, humwaga zege adhuhuri katika jua la kaskazi, akanawa mikono, akaenda zake kula bila hata kugeuka nyuma? Swali hili nimelibeba kwa miaka ishirini na tisa ya kazi. Nimewauliza mafundi, wakandarasi na wenye nyumba. Na siku moja ya udhaifu nilimuuliza padri wangu, ambaye alinishauri nichukue likizo. Jibu sijapata hadi leo.

Nimestaafu mwezi uliopita, mapema kidogo kuliko nilivyolazimika, kwa sababu magoti yangu yamevunja urafiki na ngazi za miti. Mhandisi asiyepanda ngazi ni karani mwenye kofia ngumu. Kwa hiyo nimeketi niwaandikie ninyi mlioachiwa kofia zenyewe. Vyeo nilivyopewa na nilivyonyimwa havitawasaidia, basi nitaviruka. Nitasema juu ya maji.

Vitabu vyetu vya chuoni vina sura nzima kuhusu jinsi ya kulitunza zege baada ya kumwagwa. Mafundi wa Mombasa husema neno moja tu: kulinywesha. Saruji haishikani kwa kukauka bali kwa kunywa, na hunywa kwa siku nyingi. Jua na upepo vikiyaiba maji yake mapema, uso wa zege hupasuka kama tope la ziwani, na nguvu iliyokusudiwa haifiki tena hata ukilililia. Njia za kuzuia wizi huo ni nne au tano, na zote ni nzuri vitabuni. Mimi nilizijaribu zote kisiwani humu, na kila moja ilinifedhehesha mahali pake.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Shimanzi, tulikokuwa tukijenga sakafu ya ghala. Nilikuwa nimetoka Kitui na shahada yangu ndani ya bahasha, nimevaa viatu vipya ambavyo vilikufa siku hiyohiyo. Bawabu alinisimamisha langoni.

"Mama uji, leo mbona mapema?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba mimi ni mhandisi mpya. Alinitazama mikono, akatazama barabara nyuma yangu, kisha akauliza kwa wasiwasi wa kweli: "Na uji utaletwa na nani?"

Nyapara wa kazi ile alikuwa Fundi Karisa, mwembamba kama nondo ya nusu inchi, mzaliwa wa Kaloleni. Shingoni alikuwa amening'iniza msumari mmoja wa inchi nne kwa uzi wa katani, kama wengine wavaavyo hirizi. Kila asubuhi alipiga magoti, akaweka mgongo wa kiganja juu ya sakafu ya jana, akasikiliza kwa ngozi. Kisha alikwaruza kwa msumari na kutazama mkwaruzo. Nilimwuliza, kwa kiburi cha mtu aliyefaulu mitihani, ni lini zege lingekauka.

"Zege halikauki, injinia," akasema. "Linaiva. Kinachokauka ni nguo."

Niliyaandika maneno hayo katika daftari langu chini ya milinganyo. Milinganyo nimeisahau.

Mwezi wa pili haujaisha, Fundi Karisa alikwenda matangani kwao, akaniachia kipande kikubwa cha sakafu tulichokimwaga asubuhi hiyo. Maagizo yake yalikuwa mafupi: funika magunia, lowesha, yasikauke. Nilitaka sana kumwonyesha kwamba ninajua kujitegemea. Bawabu wa ghala la jirani alikuwa na rundo la magunia matupu, akanipa yote kwa furaha ya mtu anayepunguziwa taka. Jioni ile sakafu yangu ilikuwa imevikwa vizuri, imelowa tepetepe, na mimi nililala usingizi wa watu waadilifu.

Kesho yake walikuja sisimizi. Siku ya tatu wakaja nyuki. Niliwaeleza vibarua kwamba nyuki hufuata maji wakati wa kiangazi, jambo ambalo ni kweli na halikuhusu.

Fundi Karisa alirudi siku ya nne. Alifunua gunia moja, akachomeka msumari. Ukazama bila kusukumwa. Aligusa gunia kwa kidole, akakipeleka kidole ulimini, akakifuta kwenye suruali.

"Injinia, magunia haya yalikuwa yakifanya kazi wapi kabla ya kuja kwetu?"

"Sikuuliza, Fundi."

"Mtu akija kuomba kibarua hapa twamuuliza alikuwa wapi. Gunia nalo lina kazi yake ya zamani." Akalirudisha taratibu, kama anayemfunika mgonjwa. "Haya yalibeba sukari. Umetupikia halua."

Sukari, kwa msiojua, huizuia saruji isishikane kabisa. Kijiko kimoja kinatosha kuharibu tabia ya karai zima. Tulikwangua uso wa sakafu ile kwa siku mbili, kina cha kidole, nyuki wakitusimamia. Mkubwa wetu alipouliza kulikoni, Fundi Karisa alijibu kwamba sakafu ilikuwa imeingiliwa na nyuki. Hakusema uongo. Na mimi, tangu siku hiyo, sijapokea gunia bila kulihoji.

Nilijifunza njia nyingine vilevile, kwa kuaibika. Karibu na Mwembe Tayari tulimwaga paa la nyumba ya wageni, tukajenga ukingo wa udongo kulizunguka na kulijaza maji kina cha kidole gumba. Hii ndiyo njia bora kuliko zote pakiwa na maji mengi na pasipo watu. Lakini wasafiri wa mabasi ya bara hufika pale alfajiri wakiwa wamepakwa vumbi la njia nzima. Asubuhi ya tatu nilipanda juu nikawakuta watu wanane wanakoga, mmoja na sabuni, na wa tisa akisubiri zamu kwa utulivu na taulo begani. Mwenye nyumba alinishukuru. Mgeni mmoja alikuwa amemwambia kwamba hakuwahi kulala mahali penye bwawa la kuogelea.

Kule Feri tulifunika kwa nailoni, karatasi moja kubwa iliyofungia unyevu ndani yake kama kifuniko cha sufuria. Niliikandamiza kwa mawe pembeni nikasahau katikati. Upepo wa kaskazi ukaingia chini, ukaivimbisha, ukaing'oa. Ilipita juu ya wauza karanga, ikawafunika abiria waliokuwa wakisubiri kivuko, ikajinasua, ikaenda zake. Jioni nilipigiwa simu kwamba imeonekana Likoni. Ilivuka kabla yetu na haikupanga foleni.

Kisha ilikuja dawa ya kupuliza, majimaji meupe yanayoacha utando juu ya zege na kuyafungia maji ndani. Hiyo haihitaji magunia wala mlinzi, na kwa sababu hiyo vijana mnaipenda. Nami niliipenda, hadi tulipopiga lipu juu ya ukuta uliopulizwa na lipu ikashuka asubuhi iliyofuata, nzima, kama ngozi ya nyoka. Utando unaozuia maji yasitoke huzuia pia chochote kisishike. Ipulizeni mahali ambapo hamtarudi tena.

Fundi Karisa alipostaafu alinivua kofia, akanivisha ule uzi wenye msumari, akanirudishia kofia. Hakutoa hotuba. Kazi yangu ya mwisho niliiendea nikiwa na msumari huo shingoni, na habari za kazi hiyo ndizo ningependa mzisome polepole.

Bi Mwanasiti ana nyumba ya mawe Mji wa Kale, nyuma ya uchochoro ambao mkokoteni huupita kwa kubana tumbo. Alikuwa mkunga kwa miaka arobaini. Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, na nusu hiyo haachi kuikumbusha. Boriti za paa la nyuma zilikuwa zimeoza, na kibali cha kuweka slebu mpya, paa bapa la zege, kilikwishatoka. Alitupokea kwa kahawa na tende, akatuuliza habari za wazazi, za watoto, za safari, ingawa safari yetu ilikuwa ya dakika kumi. Kisha akasema alichotaka.

Mjukuu wake, Salma, angeolewa baada ya mwezi mmoja na siku kidogo. Siku ya kupamba, biarusi anapoketishwa akatazamwa na wanawake wenziwe, alitaka Salma akae juu ya paa la nyumba hii, alipokaa mama yake, na alipokaa Bi Mwanasiti mwenyewe zamani paa likiwa la chokaa na boriti. Wageni wangetoka Lamu na Unguja. Kadi zilikuwa zimekwisha kupelekwa.

"Kumbi za kukodi ziko, najua," alisema. "Lakini mimi nataka kumwona pale. Na sitaki paa la kukaa tu, mwanangu. Nataka paa la kuchezewa."

"Wageni wangapi, Bi?"

"Waalikwa mia mbili. Watakaokuja, Mungu ndiye ajuaye."

Nilihesabu kichwani uzito wa wanawake mia mbili wakicheza chakacha kwa pamoja, nikaongeza nondo. Nondo nilikuwa nazo. Nilichokosa ni hali ya hewa. Ilikuwa kilele cha kiangazi, jua la kupasua fuvu, upepo mkavu mchana kutwa, na maji ya bomba mtaani yalikuja siku mbili kwa juma. Slebu ikipasuka, hapangekuwa na muda wa kumwaga nyingine kabla ya arusi.

Msaidizi wangu alikuwa Injinia Baraka, kijana wa Voi, hodari, ambaye sasa anashika nafasi yangu na ninatumaini anasoma hapa bila kuruka. Alikuwa amekwisha kuleta pipa la dawa ya kupuliza.

"Madamu, dakika ishirini tu tumemaliza. Hakuna magunia, hakuna maji, hakuna maneno."

"Na vigae vyake vya juu vitashika wapi?"

Akalisogeza pipa pembeni. Kuijaza maji hakukuwezekana kwa kuwa maji yenyewe hayakuwapo. Nailoni peke yake ingetangulia Unguja kuwachukua wageni. Yakabaki magunia, juu yake nailoni ya kuzuia upepo, na maji kidogo mara nyingi. Jambo ambalo lina adui mmoja, naye ni saa sita mchana. Gunia likikauka saa mbili tu kwenye jua lile, badala ya kulinywesha zege hulinyonya. Ijumaa wafanyakazi wangu nusu wangekwenda msikitini, Jumapili nusu nyingine kanisani, na mimi siwezi kuyapinga makundi yote mawili. Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimebakiza kazi moja tu maishani, kwamba njia ya kulinywesha zege haichaguliwi kwa kutazama jedwali. Huchaguliwa kwa kumtazama mtu atakayekuwapo.

Nikamwendea Bi Mwanasiti nikamweleza. Alinisikiliza akichambua mchele.

"Kwa hivyo yuwatakiwa asipigwe na upepo," akasema.

"Ndiyo, Bi."

"Asitoke juani."

"Asitoke."

"Wala asibebeshwe kizito."

"Siku za mwanzo, la."

"Na maji apewe kidogo kidogo, yasiwe ya baridi yakamshtua mwili."

Nilishtuka mimi. Jambo hilo liko kitabuni, ukurasa ambao wanafunzi huuruka.

"Mwanangu," akasema, akiweka ungo chini, "haya ndiyo uliyosomea miaka yote ile? Huyu ni mzazi."

Nitasema ukweli wangu. Nimezaa mara mbili, na mara zote mbili nilirudi kazini kabla ya wiki ya nne. Fundi Karisa alinitazama kama atazamavyo slebu iliyoondolewa mbao mapema. Sikuwahi kukaa ndani siku arobaini nikikandwa na kufunikwa kama wakaavyo wazazi wa pwani wakishajifungua. Lakini nilikwisha kuona, na ule mfano ulikuwa mzuri mno. Niliitikia kwa kichwa, kwa furaha, nikasema, "Kabisa, Bi. Ni mzazi." Kuitikia kule ndiko kosa langu kubwa la pili baada ya sukari.

Jirani yake, Maalim Shee, anayesomesha chuo cha Kurani mlango wa pili, alitutolea kisima chake bila kuombwa. Ilinibidi kukikataa. Maji ya visima vile yana chumvi, na chumvi hula nondo.

"Babu zangu wote wameyanywa," alisema, akiwa ameumia kidogo.

"Na waliishi miaka mingi, Maalim. Lakini hawakuwa na chuma ndani."

Alicheka, akasamehe, akatafuta lingine la kutoa. Nilimwambia tulihitaji kivuli. Mtaa ule una turubai kubwa ambalo yeye ndiye mwangalizi wake, na sheria yake inajulikana: kwanza matanga, kisha arusi, basi.

"Turubai hili ni la arusi na matanga," akasema. "Sasa hili lenu ni lipi?"

"Likipona ni arusi, Maalim. Likifa ni matanga."

Turubai lilikuja jioni ileile.

Tulimwaga baada ya sala ya alfajiri, hamali wakipandisha karai baada ya karai, na kabla ya saa tatu jua lilikuta tumemaliza, turubai likiwa limetandwa juu yetu na magunia yakisubiri. Magunia hayo niliyahoji moja moja. Yalikuwa yamebeba nazi, na nazi haina hila. Uso ulipokaza kiasi cha kuhimili kiganja tuliyalaza, tukaweka nailoni juu, tukakandamiza pembeni na katikati.

Kutoka hapo nikawa mgeni katika kazi yangu mwenyewe. Bi Mwanasiti aliweka zamu za wanawake wa mtaa, kila mmoja na mtungi wake wa maji ya bomba, asubuhi, saa tano, saa saba na alasiri. Maji yalikaa kivulini kwanza yapate uvuguvugu. Paka walipogundua ubaridi wa chini ya turubai, alimweka mtu wa paka. Jioni alipandisha chetezo cha ubani. Baraka aliniuliza kwa sauti ya chini kama ubani una athari kwa nguvu ya zege. Nikamwambia haijaandikwa popote kwamba una madhara.

Siku ya saba Baraka alipanda kwenda kufunua. Alishuka haraka kuliko alivyopanda.

"Madamu, amesema juma moja hata kitovu hakijaanguka."

Siku ya kumi na nne nilikwenda mwenyewe, nikasema sasa yatosha. Bi Mwanasiti akanipa kahawa. Niliinywa, nikaondoka, magunia yakabaki. Sikujali, zege halijawahi kumshtaki mtu kwa kulinywesha mno. Wiki ya tatu tulipotaka kuondoa mihimili iliyoishikilia slebu kwa chini, akauliza nani amesikia mzazi akiondolewa mto. Hapo nilijali kidogo, lakini kwa kuwa muda ulikuwapo, nikaiacha.

Siku ya ishirini na nane ilikuwa Jumapili, na arusi ilikuwa Alhamisi. Ile michemraba ya majaribio tuliyoijaza zege siku ya kumwaga tulikuwa tumeomba maabara waibane Jumapili hiyo, na matokeo yalizidi tulichotaka. Nilifika alasiri na karatasi mkononi kama mtu anayeleta posa. Salma alikuwa ameketi ngazini, ameshika tama. Maalim Shee alikuwa barazani, akijifanya anasoma.

"Bi, imefaulu. Kesho twaweza kuifunua, wapambaji wapande."

"Arobaini haijatimia," akasema Bi Mwanasiti.

Nilihesabu. Nilihesabu tena. Arobaini ingetimia wiki moja na siku moja baada ya arusi.

"Bi, lakini kupamba ni Alhamisi."

"Najua siku ya arusi ya mjukuu wangu. Itafanywa ukumbini."

"Nyanya," akasema Salma, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi mchana ule, "mimi ndiye biarusi. Si slebu."

"Wewe una miguu, utakwenda ukumbini. Huyu hana." Kisha akatuliza sauti, akawa anazungumza nami peke yangu. "Mwanangu, usidhani sitaki. Mimi nimekaa pale juu na mkono wangu una hina. Lakini sijapata kumtoa mzazi kabla ya siku zake, hata mmoja, hata waume zao walipokuja kunililia mlangoni. Sitaanza leo kwa ajili ya ngoma. Na ni wewe uliyeniambia ni mzazi."

Nilinyoosha karatasi. "Michemraba hii imebanwa mashineni, Bi. Ina nguvu kuliko tulivyotaka."

Aliishika karatasi mbali na macho. "Hiyo michemraba ililala wapi siku zote hizi?"

"Majini. Kwenye pipa."

"Basi hao ni watoto wa pipa. Huyu alilala huku juu, kwenye upepo. Wamjuaje?"

Baraka alitazama viatu vyake. Bi Mwanasiti alikuwa amesema kweli tupu; ni pingamizi ambalo mhandisi mzuri angelitoa mbele ya mahakama. Nilikuwa nimempa mwanamke mwenye akili mfano mzuri, naye alikuwa ameutunza kuliko mimi.

Maalim Shee alikohoa.

"Bi Mwanasiti, wewe wayajua haya kuliko mimi. Lakini si hukumu kwamba mzazi akitwaharika, damu yake ikikatika siku ya ishirini, hangojeshwi hadi arobaini? Huoga, akarudi kwenye sala yake. Arobaini ni ada ya watu. Kitazamwacho ni dalili." Akainua kidole. "Na nisije nikanukuliwa vibaya msikitini. Sijatoa fatwa juu ya saruji."

Bi Mwanasiti aliupiga ungo wa mapajani kwa vidole, mara mbili, tatu.

"Na dalili ya huyu ni ipi?" akaniuliza.

Nikauvua uzi shingoni.

Tulipanda wote watano, magoti yangu yakilalamika kila kipago. Nilifunua pembe ya nailoni, nikainua gunia. Zege lilikuwa jeusijeusi, limelowa, limetulia, bila ufa wa unene wa unywele. Niliweka mgongo wa kiganja kama nilivyofundishwa. Kisha nikaikwaruza slebu kwa msumari wa Fundi Karisa, kwa nguvu zangu zote, na nikamwonyesha. Alama ilikuwapo, lakini haikuwa ya zege kuchimbika. Ilikuwa mstari unaong'aa wa chuma. Msumari ndio ulioacha ngozi yake.

Bi Mwanasiti akauchukua mkononi mwangu. Alipiga magoti, akakwaruza mahali pake mwenyewe, karibu na pale ambapo kiti cha biarusi kingewekwa. Akapitisha kidole juu ya alama, akakitazama kidole. Kisha akaenda pembe nyingine akakwaruza tena, na nyingine, na katikati. Salma alikuwa ameshika mkono wangu bila kujua kwamba ni wangu.

"Kesho asubuhi," akasema hatimaye, akijifuta magoti. "Lakini kwa utaratibu wake."

Asubuhi tulifika jua halijapanda juu ya nyumba za jirani. Wanawake wa zamu walikuwapo na mitungi yao, na hawa hawakuwa na ulazima wa kuja. Bi Mwanasiti alikwenda na chetezo pembe zote nne. Kisha aliondoa gunia la kwanza yeye mwenyewe, akalikunja, akampa Baraka, ambaye alilipokea kwa mikono miwili. Yaliyobaki tuliondoa pamoja. Slebu ikaogeshwa kwa maji ya bomba yaliyolala kivulini, kutoka ukutani hadi ukingoni, ikasuguliwa kwa ufagio mpya.

Baraka akashuka chini na vijana wake kuondoa mihimili, kuanzia katikati kuelekea kutani, kama inavyotakiwa, mmoja baada ya mwingine. Sisi tuliokuwa juu tulisimama ukutani tukisikiliza. Tulisikia nguzo ya mwisho ikilazwa. Halafu tukasikia watoto wa Maalim wakianza kusoma mlango wa pili, na hakuna kingine. Paa lilikuwa limejishika.

Bi Mwanasiti alitoweka, akarudi na sinia la gilasi za maji. Alinipa mimi ya kwanza, akampa Maalim kupitia dirishani kwake, akawapa wanawake, akampelekea Baraka ngazini. Ilibaki moja. Aliitazama kidogo, kisha akainama akaimimina juu ya zege, polepole, sakafu ikainywa mbele yetu.

Salma alikuwa akipanda ngazi mbio, viatu vya visigino mkononi.

"Taratibu," akasema bibi yake. "Huyu ndio kwanza yuwatoka ndani."